Dhahabu ya Mto na Amri za Mungu

Wakatekumeni wapenzi,

Katika jimbo letu la Ituri watu wanabishana juu ya draga, yaani mashine zifyonzazo mchanga chini ya mto ili kutafuta dhahabu. Ubishi ni mkali hasa upande wa Mambasa, katika Hifadhi ya Okapi. Msitu huo ulitengwa na Serikali mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia nzima. Sheria yakataza kuchimba ndani ya hifadhi. Lakini wenye mashine wamejibu kwamba wanavyo vibali, na kwamba mipaka haikupita pale. Wengine husema, "Mashine huleta kazi." Wengine hulia kwamba mto umechafuka. Mkristu afuate neno gani?

Kwanza: Je, dhahabu ni mbaya? Hapana. Kitabu cha Mwanzo chataja mto uliotoka Edeni, na nchi yenye dhahabu njema. Lakini kitabu hicho hicho chafundisha kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakupewa ruhusa ya kuiharibu.

Pili: Dhambi iko wapi basi? Wachimbaji wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki. Sumu hiyo ikiingia majini huingia katika samaki, na kwa samaki humfikia mama na mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa vilema. Basi anayetia sumu mtoni kwa kujua huvunja Amri ya Tano, ingawa hakushika mkuki. Na anayewanyima maji safi wakaao chini ya mto ili atajirike, huvunja Amri ya Saba.

Tatu: Tufanye nini? Kijana aendaye kuchimba kwa sababu ya njaa, msimtukane. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Lakini mkiitwa mkutanoni, na mtu akigawa fedha ili mnyamaze, msipokee. Ulizeni kwa adabu, mbele ya wote: Kibali kiko wapi? Nani atafukia mashimo? Watoto watakunywa nini?

Wapenzi, ninyi mtabatizwa kwa maji. Asiyeyaheshimu maji mtoni, atayaheshimuje kisimani pa Ubatizo?