Kuua kwa Kukosea

Tulipokuwa safarini kwenda Nairobi, gari letu lilisimamishwa na polisi karibu na Kiboko, katika Makueni. Dereva akaonyesha hati zake, tukaruhusiwa kwenda. Mzee mmoja miongoni mwetu akasema: "Yule Mpakistani yeye hakuruhusiwa." Maneno yakaanza hapo.

Arshad Sharif, mwandishi wa habari aliyekuwa akiyafichua mambo ya wakubwa wa Pakistan, aliihama nchi yake Agosti 2022 baada ya kufunguliwa mashtaka ya uchochezi. Akapitia Dubai, akaja Kenya. Usiku wa tarehe 23 Oktoba mwaka huo polisi walimpiga risasi garini, huko Kajiado. Walisema wamekosea, walikuwa wakitafuta gari lililoibwa. Wachunguzi waliotumwa kutoka Pakistan walisema mauaji yale yalipangwa.

Ndugu zetu, sisi hatudai kuyajua ya siri, na twaogopa kumsingizia mtu damu. Basi na tuishike kauli ya polisi wenyewe: tuseme ni makosa. Je, neno hilo lafunga shauri? Katika Sura ya An-Nisaa mwenye kuua kwa kukosea haachwi akakung'uta nguo akenda zake. Yampasa dia kwa jamaa wa maiti, ila wakisamehe wenyewe, na juu yake kafara. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Angalieni, saumu hiyo haifungwi na idara. Hufungwa na mtu mwenye jina lake na njaa yake.

Mjane wa marehemu alishitaki, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikahukumu kwamba kuuawa kule kulikuwa kinyume cha sheria, ikaamuru alipwe shilingi milioni 10, ikalaumu pia uchunguzi kutokamilishwa. Abiria mmoja akasema: dia imeshahukumiwa, mwataka nini tena? Lakini fedha ya serikali ni fedha yetu sote (hata ya muuza maembe pale njiani), na aliyefyatua hatoi hata senti. Husemwa "polisi walikosea", kana kwamba bunduki haina kidole. Na aliyekosea kweli akisimama mbele ya jamaa akasema "ni mimi", dhana zingepata wapi nguvu? Serikali imficharo mtu wake ndiyo izizaayo.

Mzee wetu akauliza: "Kosa hili, mwenyewe nani?" Tulifika Emali hapana aliyemjibu.