Hata wewe?

Bei ya mafuta ndiyo iliyonitoa kwa gari, si dhamiri. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi ukionekana na helmeti watu wanakupa utakatifu ambao hukuomba. Kazini wananiita mtu wa mazingira. Kutoka Dagoretti Corner hadi Upper Hill ni kilomita 6 hivi. Kwa gari ningekwama kwa jam mpaka matangazo ya redio niyajue kwa kichwa. Kwa baiskeli nafika kwa nusu saa, jasho likiwemo.

Sifa hizo zilianza kunikera asubuhi moja pale Junction, nikingoja magari yapite kando ya mzee aliyepanda blakimamba. Amefunga vifaa vya ujenzi nyuma kwa mpira, amevaa gambuti, helmeti hana. Mzee kama huyo hakuna anayemwita mtu wa mazingira. Yeye ni mtu aliyekosa nauli, basi. Mlima ni ule ule, vumbi ni lile lile, lakini mimi nasifiwa kwa sababu kila mtu anajua gari langu liko nyumbani, na mvua ikinyesha nitalirudia. Na huwa nalirudia kweli.

Haki iseme, Ngong Road imetubahatisha. Ilipopanuliwa, upande huu wetu uliwekewa njia ya baiskeli. Kule Expressway, iliyofunguliwa 2022, baiskeli haikanyagi kabisa. Ila njia yetu wenyewe ina bodaboda, ina meza za matunda, ina magari yaliyoegeshwa "dakika mbili tu." Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa dakika mbili. Sikuwa mbaya, naapa. Ukiwa ndani ya gari, mahali pasipo na magari panaonekana hapana watu.

Sasa hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Karibu na Adams, bodaboda ilinijia uso kwa uso ndani ya njia ya baiskeli. Nikakata kushoto, nikapanda pa kutembelea, nikapiga kengele. Sikuipiga kuomba njia, bana. Niliipiga vile nilivyokuwa napiga honi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake, mtoto akatumbukia miguu yote miwili kwa matope, na yunifomu ya shule.

Mama hakunitukana. Aliangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akauliza, "Hata wewe?"

Angenitukana ningejitetea: bodaboda ndiyo ilianza. Ni kweli. Na mwenye bodaboda angesema matatu ndiyo ilimfukuza barabarani, naye dereva wa matatu angekuwa na lake la kusema juu ya mwenye Prado. Kila mtu ana sababu, na kila sababu ni ya kweli. Mtoto peke yake ndiye hakuwa na mtu chini yake wa kumpigia kengele.

Nilishuka, nikasema pole, nikampa mama kitambaa changu cha jasho, akakikataa. Nikaisukuma baiskeli mpaka Prestige kabla sijapanda tena. Kazini nilifika nimechelewa. Enzi za gari, geti lilikuwa likifunguka kabla sijafika na saluti juu. Siku hiyo kulikuwa na soja mgeni. Aliniangalia viatu vyenye matope, akaniuliza hiyo parseli napelekea nani.