Kabla Hujafuta

Kulikuwa na mama mmoja, wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, aliyetoa mizigo ya watu bandarini miaka mingi na kujijengea jina kwa jambo moja: hapotezi kumbukumbu. Mteja akiuliza kontena lake la mwaka juzi lilitozwa ushuru gani, jibu lilipatikana pale pale. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa barua pepe. Hati za shehena, ankara, mabishano na kampuni za meli na maelewano ya bei na wauzaji wa Guangzhou, vyote vilikaa ndani ya programu ya barua pepe iitwayo Thunderbird, kwenye kompyuta moja ya mezani ambayo jioni haikuzimwa. Ililazwa tu, kesho yake ikaamshwa.

Jumatatu moja akabofya, programu haikufunguka. Akabofya tena. Safari hii kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Akakifunga bila kukisoma. Kikarudi, akakifunga tena. Siku za kuhifadhi kontena bila malipo zilikuwa zinakwisha na mteja alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi, basi akamwita fundi.

Fundi alikuwa kijana mchapakazi, mwenye nia njema kabisa. "Mama, hii ndogo. Tunaifuta, tunaiweka upya."

"Na barua zangu, mwanangu?"

"Zitarudi zenyewe, mama. Zipo mtandaoni."

Hakuuliza akaunti ile imeunganishwa kwa njia gani, na swali hilo lilikuwa zito kuliko mengine yote ya siku ile. Akaunti ikiwa ya IMAP, barua hukaa kwenye seva, na kompyuta huonyesha kilicho huko. Hapo fundi angekuwa amesema kweli. Ikiwa ya POP, programu huzishusha barua na kuziweka kwenye kompyuta, na nakala ya kwenye seva haikai sana: Thunderbird kwa kawaida huiachia siku 14, kisha huifuta. Ya mama ilikuwa ya POP tangu alipofungua ofisi. Nakala yake ya barua za miaka yote haikuwa mahali pengine popote isipokuwa pale mezani.

Fundi akaanza kuiondoa programu. Kompyuta ikakataa, ikasema Thunderbird iko wazi, ifungwe kwanza. Hapa ndipo kisa hiki kinaponiuma. Kile kisanduku alichokifunga mama asubuhi kilikuwa kimesema neno hilo hilo: Thunderbird tayari inaendelea ila haiitikii, ifunge au uwashe kompyuta upya. Ijumaa dirisha la programu lilifungwa, lakini programu yenyewe ilibaki nyuma ya pazia. Kompyuta ikalazwa nayo, ikaamka nayo. Thunderbird haikubali kufunguliwa mara mbili juu ya barua zile zile, kwa sababu waandishi wawili kwenye faili moja huiharibu. Kule kukataa kulikuwa kunazilinda barua.

Fundi akawasha kompyuta upya ili aweze kuiondoa programu. Mashine ilipoamka, ugonjwa ulikuwa umekwisha. Kama mmoja wao angebofya aikoni wakati huo, barua zote zingefunguka na watu wangerudi kazini. Hakuna aliyebofya. Kijana alikuwa ameshaamua dawa, akaendelea nayo.

Kuondoa programu peke yake kusingewadhuru. Thunderbird huishi mahali pamoja, na barua huishi pengine, ndani ya folda iitwayo Profiles iliyofichwa chini ya AppData ya mtumiaji. Unaweza kuifuta programu na kuirudisha mara utakazo, folda ile haiguswi. Humo mna barua, anwani, maneno ya siri na mipangilio. Faili iitwayo Inbox, isiyo na herufi za mwisho kama faili nyingine, ndiyo yenye barua zote zilizoingia, zikifuatana kama maandishi ya kawaida. Pembeni yake kuna Inbox.msf, ambayo ni faharasa tu. Hiyo ikifutwa, hujengwa upya. Majina yanakaribiana mno kwa mtu mwenye haraka.

Fundi alitaka iwe mpya kabisa. Akaingia AppData, akaifuta folda nzima ya Thunderbird, tena kwa Shift na Delete, njia isiyopitia kwenye pipa la taka. Kisha akaweka toleo jipya. Likafunguka vizuri. Mama akaandika anwani na neno la siri, barua zikaanza kushuka, akashukuru. Zikashuka za wiki mbili, zikaishia hapo.

Walijaribu kuzifufua. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, faili iliyofutwa mara nyingi bado ipo mpaka iandikwe juu yake, na anayetaka kuiokoa huzima mashine papo hapo. Hii ilikuwa SSD. Windows huiarifu diski ya namna hiyo kwamba nafasi fulani haina kazi tena, nayo huisafisha. Programu za uokozi zilikuta sifuri.

Simlaumu kijana kwa kutojua POP. Ninachokipinga, na nitakipinga kila nitakapokisikia, ni hiyo desturi ya "futa, weka upya" iliyogeuzwa kuwa dawa ya kwanza. Programu ya barua ikigoma, soma inachosema, hata kama ni kwa kumwita anayejua Kiingereza. Washa kompyuta upya, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uitafute kwenye orodha ya programu zinazoendelea, uizime. Tazama kama diski imejaa. Ikigoma bado, ifungue huku umeshikilia Shift, ianze bila viongezi, maana kiongezi kimoja kibovu chaweza kuizuia yote. Na kabla ya kugusa kingine chochote, nakili folda ya Profiles nzima kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa.

Wakati mwingine kosa haliko ofisini kwako hata kidogo. Tarehe 15 Julai 2020, programu nyingine ya barua, Outlook ya kwenye kompyuta, ilikuwa ikifunguka na kujifunga papo hapo, nchi baada ya nchi. Tatizo lilikuwa kwa Microsoft, nao wakalitengeneza. Aliyesoma barua zake kwenye kivinjari akasubiri hakupoteza kitu.

Na sanduku likifunguka tupu, usidhani barua zimekufa. Tangu toleo la 68 la mwaka 2019, Thunderbird iliyowekwa kwenye folda tofauti huweza kujitengenezea wasifu wake mpya, yaani folda mpya ndani ya Profiles, na ule wa zamani ukabaki salama pembeni. Amri ya thunderbird.exe -P huonyesha wasifu zote zilizopo, ukachagua ule wenye barua zako. Watu wamewahi kulia mbele ya sanduku tupu wakati barua zao ziko folda ya jirani.

Mama hakuwa na bahati hiyo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa miaka mitano ya kurudi kukagua mzigo uliokwisha kutolewa, na inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, awajibike mwenyewe kwa ushuru. Ukaguzi ulipofika, aliulizwa bei alizotangaza zilitoka wapi. Akawaandikia wauzaji, kampuni za meli na wateja wake, akiomba kila mmoja amrudishie barua walizoandikiana. Wengi walimrudishia, kwa sababu barua huacha nakala kwa aliyeipokea. Wengine walikuwa wamefunga biashara na anwani zao hazikufika popote. Kwa mizigo ya hao, tofauti ya ushuru aliilipa yeye.