WAZEE WETU WALIO NDANI, NA WALE WANAOWAUGUZA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baba zetu, mama zetu, na ninyi vijana: mcheni Mwenyezi Mungu.

Kulikuwa na mzee aliyesali hapa katika safu ya kwanza, upande wa dirisha. Wengi wenu mnamkumbuka, maana alikuwa bado akiuita mji huu Jadotville, ingawa jina hilo liliondolewa mwaka 1966. Ijumaa moja hakuonekana. Ijumaa ya pili hakuonekana. Mahali pake pakakaliwa na mwingine, nasi tukamwombea dua ya jumla pamoja na wagonjwa wote, kisha tukaenda zetu. Mimi ninayeandika karatasi hii nilifika kwake baada ya wiki saba. Nilimkuta amelala ubavu mmoja, ana kidonda kiunoni, na binti yake hajapata usingizi wa usiku mzima tangu Ramadhani. Nikamuuliza binti: nani anakusaidia? Alicheka tu. Ana kaka wawili, mmoja yuko Kolwezi na mwingine Lubumbashi.

Nimeona afadhali nianze na kosa langu kabla ya kutaja makosa ya wengine.

Ndugu zangu, tunapozungumza juu ya wazazi sisi hukimbilia sura ya Al-Israa, aya ya 23 na 24, ambamo Mungu ametukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoka nao wanapofikia uzee. Maneno hayo tunayajua. Lakini angalieni: ni nani anayeingia katika hatari ya kusema neno hilo? Ni yule aliye karibu, anayeosha, anayelisha, anayeamka saa nane za usiku. Yule aliye mbali hawezi kumkemea mama, kwa sababu hamwoni. Basi asijihesabu kuwa mwema kwa hilo.

Na wengine wanadhani kuuguza ni kazi ya wanawake. Wakumbuke Badr, mwaka wa pili wa Hijra. Sayyidna Uthman hakutoka na jeshi, kwa sababu mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamuru abaki amuuguze. Badr, ndugu zangu, si vita vidogo! Lakini Mtume alimhesabia Uthman ujira na fungu la ngawira kama mtu aliyekuwapo uwanjani. Imo katika Bukhari. Na katika Bukhari imo pia kwamba Ibn Umar alipoambiwa siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zaid ni mgonjwa, alipanda mnyama wake akamwendea, na sala ya Ijumaa ikampita. Kwa hiyo wewe mwenye mgonjwa asiyeweza kubaki peke yake, ukisali Adhuhuri nyumbani una udhuru wa sheria. Usione haya, na asikuseme mtu.

Sasa neno kwa waume. Mama yako ni wajibu wako wewe. Mke wako akimwosha na kumpikia uji, hiyo ni hisani yake, naye ana ujira mkubwa. Lakini wanazuoni hawakusema kuwa ni faradhi juu yake. Wengi wetu tumeibadili: mwana anakaa nje na rafiki zake, mke anabeba, na bukari ikichelewa mwana anapiga kelele. Hata serikali haikutuacha. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawalazimisha watoto kuwasaidia wazazi wao wenye haja. Inawahusu watoto wote. Haikusema binti aliyebaki katika lupango.

Ninyi mlio mbali, tumeni kwa simu kila mwezi, hata kidogo, mradi kijulikane. Na mje. Mkae siku kumi ili aliye hapo alale. Kwa nini falanga za kilio hupatikana siku moja, wakati za gari la kumpeleka hospitali zilitafutwa mwezi mzima zikakosekana?

Katika mji wetu uzito huu una sababu yake. Wazee wetu wengi walifanya kazi Gécamines, Shituru na Panda na Kambove. Kampuni ilitoa mposho, ilitoa hospitali na shule. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa malipo ya mara moja. Waliokuwa na miaka 50 wakati ule leo wamepita 70. Wapo wenye mapafu yaliyokula vumbi la mgodi miaka thelathini. Kikohozi chao kisiitwe baridi tu kila mwaka. Wapelekwe wapimwe, na kifua kikuu nacho kitafutwe, kwa maana kina dawa na kinaambukiza wajukuu.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Tunasikia mitaani: mzee ameanza kusema peke yake, anatoka usiku, anawasahau watoto wake, anamwita marehemu. Kisha mtu mmoja ananong'ona kuwa huyu ni mlozi. Na Waislamu wamo katika wanaonong'ona. Mcheni Mungu! Qur'ani imelieleza jambo hili waziwazi, katika An-Nahl aya ya 70 na Al-Hajj aya ya 5: miongoni mwenu yumo atakayerudishwa kwenye umri dhaifu hata asijue kitu baada ya kuwa alijua. Mwenyezi Mungu anasema ni Yeye aliyeumba hivyo. Mtume alikuwa akijikinga kwa Mungu na umri huo. Ni ugonjwa wa ubongo, na mwenye akili iliyoondoka kalamu imeinuliwa kwake, hata sala haandikiwi. Sasa wewe unayemfukuza mama yako kwa neno la ulozi, umemhukumu kwa jambo ambalo Mungu amekwisha kumsamehe.

Tena si kila kuchanganyikiwa ni uzee. Mzee akiwa mzima Jumatatu na Jumatano anasema ovyo, mara nyingi ni malaria, au ugonjwa wa njia ya mkojo, au kukosa maji mwilini, au sukari iliyoshuka. Hayo hutibiwa. Na mdomo ukienda upande mmoja ghafla, mkono ukalegea, maneno yakawa mazito, usingoje asubuhi wala usimtafute aliyemroga. Hiyo ni damu imezibwa au mshipa umepasuka kichwani, na kila saa ina thamani. Mtume alituamuru tutafute dawa, akasema Mungu hakuweka ugonjwa bila dawa isipokuwa uzee. Kwa hiyo mzee hupona malaria yake, hupona kikohozi chake, na mtoto wa jicho huondolewa kwa operesheni. Wapo watu wanaoitwa vipofu katika nyumba zetu ambao wangeona.

Mwenye presha ya damu ameze kidonge chake kila siku, hata akijisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anakimeza. Apunguze chumvi, na makayabu yalowekwe sana au yaachwe. Diklofenaki za barabarani za kutuliza mgongo, zilizokaa juani siku nzima, humpandisha presha mzee na kumharibu figo na tumbo. Asiyejigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, akaushwe vizuri, na mahali panapokuwa pekundu pasilaliwe. Mpe maji bila kungoja aombe, kwa maana kiu ya wazee hupungua. Maharagwe, karanga, yai. Bukari peke yake haimwinui mtu.

Mwezi wa sita na wa saba mnajua baridi ya usiku hapa Likasi. Mtoto mwenye huruma anaingiza mbabula ya makala chumbani kwa mzee na kufunga mlango. Hewa ya makala haionekani, na inaua mtu akiwa usingizini. Mpasheni moto nje, kisha aingie na blanketi mbili.

Kuhusu ibada, dini ni nyepesi kwao. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale ubavu. Ndivyo Mtume alivyomwambia Imran bin Huswain. Kuna wazee walioacha msikiti kwa sababu ya mkojo usiozuilika, wanaona haya. Mwambieni baba: ajisafishe, avae kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia, asali, na kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Asiyeweza kufunga, na hana tumaini la kuweza, alishe masikini mmoja kwa kila siku. Anas bin Malik alifanya hivyo uzeeni. Na Mtume alipomwona mzee anakokotwa kati ya wanawe wawili, ameweka nadhiri ya kutembea mpaka Makka, alisema Mungu hana haja ya mtu huyu kujitesa, akamwamuru apande mnyama.

Siku Makka ilipofunguliwa, Abubakar alimleta baba yake Abu Quhafa, mzee kipofu, kichwa cheupe kabisa. Mtume akamuuliza kwa nini hakumwacha nyumbani, ili yeye mwenyewe amwendee. Fikirini ni siku gani hiyo, na ni nani aliyesema atamwendea mzee.

Kwa hiyo tumepatana haya. Baada ya sala ya leo kuna daftari karibu na mahali pa viatu. Andika jina la mtaa na mzee asiyetoka, na nani anamuuguza. Akina mama wamechagua siku ya Jumanne, vijana siku ya Jumapili: watakwenda wawili wawili, watafua, watachota maji, watakaa na mgonjwa tangu asubuhi mpaka alasiri, na yule anayemuuguza atalala au atakwenda sokoni. Msiende kumhubiria. Viti vinne vya plastiki vimewekwa mwisho wa safu ya kwanza, vijana msivikalie.

Binti niliyemtaja amekwisha andikwa, ni wa kwanza katika daftari. Kaka yake wa Lubumbashi amepiga simu, anasema anakuja mwisho wa mwezi. Tutamngojea kituoni.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu na uwape nguvu wanaowauguza. Amin.

Wassalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.