Machozi ya Mtazamaji

Yako machozi yasiyomgharimu mtu kitu, nayo ni yale yamwagwayo katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Hatusemi kwamba ni machozi ya uongo. Mwenye kuyalia hutoka ukumbini amelainika moyo kweli. Ila twauliza, moyo huo uliolainika wafika nyumbani kwa nani?

Kati ya michezo juu ya uzee, hakuna ulio mashuhuri kupita King Lear, ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare na kuchezwa mbele ya mfalme wa nchi yake mwaka 1606. Mfalme mzee awagawia binti zake wawili wakubwa ufalme wote, amnyima mdogo aliyekataa kujipendekeza kwa maneno, na kwa nafsi yake abakiza wafuasi mia moja tu. Binti wale hawampigi baba yao. Wanafanya hesabu. Mia wa nini? Hamsini watosha. Ishirini na watano watosha. Mwisho wauliza kama ahitaji hata mmoja. Mzee atoka nje usiku, katika tufani, na milango yafungwa nyuma yake.

Watu wa Kilosa hawana haja ya kuelezwa tufani ni nini. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu bila makao.

Basi tumfikirie mtazamaji mmoja, kijana mzaliwa wa Kilosa, afanyaye kazi Dar es Salaam, ambaye ameutazama mchezo huo na kuwalaani binti wale kwa moyo wote. Kesho yake simu yalia: mama aomba fedha za kuezekea jiko la uani. Kijana si mtu mbaya. Kila mwezi hutuma alichonacho. Lakini leo aanza kuuliza. Jiko la nje la nini, na mama apika peke yake? Kuku wote hao wa nini? Kwa nini asihamie kwa mjomba, tukaachana na gharama za nyumba mbili? Maneno hayo yana busara, na mshahara kweli ni mdogo, na ada za shule hazingoji. Hata hivyo ndiyo hesabu ileile ya ufalme ule. Katika jiko lile mama humkaribisha jirani, na humo ndimo aitwapo mwenye nyumba. Akiondolewa humo ataendelea kula na kulala, lakini atakuwa mgeni.

Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni na serikali, nasi twalisifu jambo hilo. Lakini pensheni haiulizi habari za kuku.

Mtazamaji akiwa ukumbini ana udhuru. Hawezi kupanda jukwaani akamfunika mfalme shuka. Akijaribu, atatolewa nje na watu watamcheka. Kazi yake ni kukaa, kutazama na kuhurumia. Hatari yaanza pale aichukuapo desturi hiyo mpaka nyumbani. Fedha itumwayo kwa simu yawa ndiyo tiketi: twalipa, twasikiliza, twasikitika, twakata simu. Na hapa hakuna mlinzi atuzuiaye kupanda.

Barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Abiria husogea madirishani, hutazama tembo na twiga, hupiga picha. Mbele kidogo, katika mji wa Mikumi, yachepuka njia iendayo Kilosa. Ni wangapi, wakienda harusini Mbeya, wameipita njia hiyo wakijua nani anakaa mwisho wake? Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme itokayo Dar es Salaam hupita Kilosa, hivyo hata udhuru wa umbali umepungua sana.

Kijana wetu bado hajamjibu mama yake. Jiko halijaezekwa, na masika huanza mwezi wa Machi.