Serikali na Mnunuzi wa Nyumba

Nyumba ni sitara ya mtu na watoto wake, na hapana mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa kuitamani. Walakini, msomaji, liko swali ambalo tamaa hiyo njema hulificha. Je, ni haki serikali kumsaidia mnunuzi wa nyumba kwa fedha zilizotolewa na watu wote, na wasio na nyumba wakiwamo? Tena, msaada huo humfikia nani hasa?

Twaa mfano wa Marekani. Baada ya mwaka 2006 bei za nyumba katika nchi ile zilianza kushuka. Kufikia mwaka 2008 watu wengi walikuwa wameshindwa kulipa mikopo yao, na mabenki yakazitwaa nyumba zilizowekwa rehani. Mwenye fedha alingoja, kwani nani anunue leo kitu ambacho kesho kitakuwa rahisi zaidi? Na kadiri watu walivyongoja ndivyo bei zilivyozidi kushuka. Serikali ikaona heri kumsukuma mngojaji. Sheria ya Julai 2008 ilimpunguzia mnunuzi wa mara ya kwanza kodi hadi dola 7,500. Sheria ya Februari 2009 ikafikisha dola 8,000. (Huyo wa “mara ya kwanza”, katika sheria hizo, ni mtu asiyemiliki nyumba yake ya kukaa kwa muda wa miaka mitatu. Sheria zina kamusi yao.) Muda uliongezwa, mpaka siku ya mwisho ya kufunga mapatano ikawa 30 Aprili 2010.

Mtetezi wa jambo hili ana hoja, nami siidharau. Hofu huambukiza, nyumba tupu huipunguzia thamani nyumba ya jirani, na mwashi na seremala hukaa bila kazi. Na kweli watu walinunua. Lakini tazama yaliyofuata: Julai 2010 mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yalianguka kwa kiasi cha sehemu 27 katika kila 100, yakilinganishwa na ya Juni. Yamkini wengi waliokimbilia tarehe ile ni watu ambao wangenunua baadaye bila ya kupewa kitu. Kilichonunuliwa ni haraka yao. Bei nazo, baada ya kutulia kidogo, zilirudi kushuka hadi kuelekea mwaka 2012.

Fikiri, msomaji, kwamba kesho kila aendaye mnadani kununua mbuzi atapewa shilingi elfu moja na serikali, na mwisho ni saa sita mchana. Je, mwenye mbuzi atakuwa kiziwi? Atakapopatana nawe atazihesabu shilingi zile kama kwamba zimo mfukoni mwake. Utasema kwamba huko Marekani nyumba zilikuwa nyingi, hata muuzaji asiweze kupandisha bei apendavyo. Naam, lakini kuizuia bei isianguke ni kumfadhili yule aliye na nyumba tayari, na kumfungia mlango kijana aliyekuwa akingoja ishuke imfikie. Tunaposema “kulisaidia soko” yatupasa kuuliza nani katika soko hilo, maana soko halina tumbo wala watoto.

Wafikirie watu watatu wa mtaa mmoja. Wa kwanza alinunua nyumba Desemba 2008 na kupata dola 7,500. Kwake zilikuwa mkopo usio na riba, wa kurudishwa kwa miaka 15, dola 500 kila mwaka. Wa pili alinunua Januari 2009. Akapata dola 8,000, asidaiwe hata senti moja madhali alikaa ndani ya nyumba ile miaka mitatu. Wa tatu alikuwa mpangaji, aliyelipa kodi kwa serikali na pango kwa mwenye nyumba, wala katika nafuu hiyo hakuwa na fungu. Ningependa kumsikia mtunga sheria akiwaeleza watu hao watatu, wakiwa wameketi pamoja, kwa nini.