Mashamba ya Mefiboshethi



Tusome tena 2 Samweli, sura ya 4 na ya 9. Mefiboshethi hakuzaliwa kilema. Alikuwa na miaka 5 habari mbaya ya vita ilipofika. Yaya wake akambeba akakimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi wa Luofu hatuna lazima ya kuelezwa jambo hilo. Tunakumbuka mwezi wa nne 2009, nyumba zilipochomwa usiku. Tunakumbuka mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu wakakimbilia Lubero na Butembo. Mwenye miguu alikimbia. Kilema alingoja mtu wa kumbeba.

Ulizo langu ni hili: kumsaidia kilema ni huruma, ao ni haki yake?

Wengi tunajibu kwamba ni huruma. Tunampa franka kidogo mlangoni mwa kanisa, tunarudi nyumbani na roho safi. Lakini angalieni Daudi. Alikuwa mfalme, ndiyo kusema Leta. Hakungoja kilema aje kuomba. Yeye mwenyewe aliuliza, akatuma watu mpaka Lo-debari. Akamkaribisha mezani pake, hiyo ni huruma. Tena akamrudishia mashamba yote ya Sauli babu yake, na hiyo ni haki.

Kwetu pia sheria ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ilitungwa kwa ajili yao. Lakini toka karatasi ya Kinshasa mpaka nyumba ya kilema kijijini, njiani kuna Siba. Huyo aliwekwa kulima yale mashamba, yeye na wana wake 15 na watumishi wake 20. Baadaye akamsingizia bwana wake, akapewa yote. Tunapenda kumwona Siba katika ofisi za Leta tu. Na matoleo ya vilema yanayopita mikononi mwetu, yanafika yote? Najiuliza mimi wa kwanza.

Wengine husema: Leta haitoi, basi kanisa litoe na kunyamaza. Kutoa, ndiyo. Kunyamaza ni kumsaidia Siba.

Mashemasi waanze na majina: nani haonekani ibadani, analala wapi, na nani atambeba siku tukikimbia tena.